Mbele ya kununua meza ya biyari ya okaziyo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kwa desturi ukurasa huu unakuambia habari za kasike, bote, ganti na mavumbi. Leo tunasema juu ya meza ya mchezo. Usicheke. Meza ya biyari iliyo nzuri ni jiwe kubwa lililolazwa juu ya miguu ya mbao, na tabia ya jiwe kubwa wewe mtu wa mine unaijua kuliko wengine: linaponda mguu, linaharibu mgongo, na likikatwa linatoa mavumbi. Tena linaweza kumeza mfuko mzima. Mtu aliyepokea malipo yake ya mwisho ya kazi, ao kikundi cha likelemba kinachotaka kuweka mchezo mbele ya duka, anaweza kutoa akiba ya miaka kwa mchana mmoja, halafu aone kwamba alilipia kitambaa kipya kilichotandikwa juu ya mbao iliyooza.

Kwa hiyo soma mbele ya kwenda kuona meza. Na siku ya kwenda, usiende peke yako, usiende usiku, wala usiende na franka zote mfukoni. Chukua rafiki mmoja mwenye kujua useremala, taa ya mkono, nivo ya mwashi, rula ndefu iliyonyooka, mita ya kupimia na biye moja nzuri ya kuazima. Vitu hivi havina bei kubwa, na vinasema ukweli kuliko muuzaji.

Meza ya namna gani?

Jina ni moja, biyari, lakini meza ziko za namna nyingi, na wengi wanakosea hapa mwanzoni. Wazee wetu wanakumbuka meza za sekle zilizoletwa na Wabelgiji: kubwa, hazina matundu, mtu anacheza kwa biye tatu tu. Ule ni mchezo wa karambole, na Wabelgiji waliupenda sana. Raymond Ceulemans, Mbelgiji, alishinda ubingwa wa dunia wa bandi tatu mara nyingi, kuanzia mwaka 1963. Meza ya mashindano ya namna hiyo ina uwanja wa mita 2,84 kwa mita 1,42. Ukiikuta inauzwa kwa bei ya chini, jiulize nani atakuja kuicheza kwako. Vijana wa leo wanataka matundu.

Meza za matundu nazo hazilingani. Ile ndogo ya bar, wanayoiita ya futi 7, uwanja wake ni karibu sentimita 198 kwa 99. Ya futi 8 ni sentimita 224 kwa 112. Ya futi 9, ya mashindano ya Kiamerika, ni 254 kwa 127. Pima uwanja kutoka ncha ya mpira wa bandi hadi ncha nyingine, si mbao ya nje. Angalia hesabu hizi: urefu ni mara mbili ya upana. Ukipima ukakuta urefu haufiki mara mbili, ao unapita, ujue kwamba meza ilikatwa ao ilitengenezwa na mtu asiyejua, na biye haitarudi pale inapopaswa kurudi. Ondoka kwa upole.

Biye nazo zina vipimo vyake. Za Kiamerika zina milimeta 57 za upana. Za Kiingereza, ambazo wanazitumia sana upande wa kusini mpaka Afrika ya Kusini, zina milimeta 51 hivi. Matundu ya meza ya Kiingereza ni membamba. Ukinunua meza ya namna moja na biye za namna nyingine, utakuwa na meza isiyochezeka. Na ziko meza za jeton za Kiingereza ambazo biye nyeupe ni ndogo kidogo kuliko nyingine, milimeta 48 hivi, ili mashine ya ndani iweze kuitenga na kuirudisha peke yake. Biye nyeupe ikipotea, ukaweka nyingine yenye ukubwa wa zile za rangi, itafungwa ndani pamoja nazo. Basi uliza hiyo biye nyeupe iko wapi, mbele ya kusema bei.

Jiwe ao mbao?

Hapa ndipo penye fedha yako yote. Uwanja wa meza nzuri ni jiwe la ardwazi, ndugu wa lile jiwe jeusi ambalo watoto wa shule zamani waliandikia. Jiwe hilo linapasuka katika kurasa bapa, linasawazishwa vizuri, halivimbi kwa mvua, halipindi kwa joto. Mengi yalitoka Italia, upande wa Liguria, na Brazili. Meza za bei ya chini hazina jiwe; zina mbao ya kusagwa iliyogandishwa kwa gundi, ao tripleksi. Mpya inacheza vizuri. Baada ya misimu miwili ya mvua kwetu, tumbo linashuka.

Muuzaji atasema, «Ni jiwe, patron.» Usibishane naye. Lala chini ya meza na taa yako. Jiwe ni la kijivu ao jeusi, ni baridi ukiweka kiganja, na ukigonga kwa kidole linajibu kwa sauti kavu na nzito. Mbao inajibu kama ngoma, na rangi yake ni ya udongo ao imepakwa rangi. Chungulia vile vile ndani ya tundu, mahali kitambaa kinapokunjwa: pale ukingo wa uwanja unaonekana, na unaweza kupima unene wake. Milimeta 19 ni kiasi cha meza nyingi za bar. 25 ni nzuri zaidi. Angalisho moja: ziko meza zenye ukanda wa mbao chini ya jiwe, ambao fundi anapigia misumari midogo ya kitambaa. Ukiona mbao upande mmoja, usiseme upesi kwamba hakuna jiwe. Tazama mpaka juu.

Ukiwa bado chini, fanya kazi ya pili. Choma miguu na mihimili kwa ncha ya turnevisi. Ncha ikiingia kama katika muhogo uliopikwa, mchwa wamekwisha kula. Tafuta vijia vya udongo vya mchwa, unga wa mbao chini ya matundu madogo ya wadudu, alama za maji. Tazama kama kuna ufa katika jiwe, hasa karibu na visi na karibu na matundu ya katikati. Ukingo uliomeguka kidogo unaweza kuzibwa. Jiwe lililopasuka kutoka upande hadi upande, hata likigandishwa, si la kununua kwa bei ya meza. Ni la kununua kwa bei ya miguu.

Sasa simama, uchukue biye. Weka nivo kwanza katikati, halafu kwenye pembe nne, kwa urefu na kwa upana. Kisha sukuma biye polepole sana, karibu isimame yenyewe, kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, na kutoka kushoto kwenda kulia. Rudia mahali pengi. Ikiwa inaelemea upande ule ule kila mara, meza haikusimama sawa; kaza ao legeza miguu, ao weka kipande cha mbao ngumu, shida imekwisha. Ikiwa kutoka pande zote mbili inaelemea katikati, uwanja umeingia tumbo. Tumbo la mbao haliponi. Tumbo la jiwe, mara nyingine, linatoka katika mhimili uliolegea chini yake, nalo linaweza kurekebishwa na fundi anayejua. Ikiwa biye inaruka kidogo ao inageuka mahali pamoja tu, kwenye mstari unaovuka meza, ni maungo ya vipande vya jiwe yaliyoachana, na kazi hiyo fundi anaifanya wakati wa kubadilisha kitambaa. Mwisho, simamisha rula ndefu kwa ukingo wake juu ya uwanja, rafiki yako aweke taa nyuma. Mwanga ukipita kwa wingi chini ya rula, umepata jibu.

Unaona kwamba makosa matatu yanafanana machoni, lakini moja linaponywa kwa kipande cha mbao na lingine haliponi kabisa. Muuzaji mjanja atakuonyesha la kwanza akifichie la pili.

Bandi, kitambaa na biye

Mpira wa bandi unazeeka kama tairi. Kwa muda unakuwa mgumu, unapasuka, unaacha kurudisha. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: mpira mzima unaingia kidogo na kurudi. Halafu piga biye kwa nguvu kutoka mwisho mmoja wa meza. Meza nzuri inaipeleka urefu wa meza mara tatu ao nne mbele ya kusimama. Ikienda mara moja na nusu, mpira umekufa. Sikiliza vile vile: mahali panapolia «pu», bandi imeachana na mbao yake ao visi vimelegea. Visi ni kitu kidogo. Mpira wa bandi sita ni kitu kikubwa, kwani sehemu nyingi unaagizwa mbali.

Kitambaa kilichochanika kisikutishe. Kila meza inabadilishiwa kitambaa. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni kitambaa kipya kabisa juu ya meza ya zamani sana. Nani aliweka kitambaa kipya juu ya meza anayotaka kuiondoa? Pengine mtu mwema. Pengine mtu mwenye ufa wa kuficha. Kwa vyovyote, mbele ya kwenda kuona meza uliza mjini bei ya kitambaa na ya kazi ya fundi, uipunguze katika bei unayotaja.

Biye nzuri zinatengenezwa kwa resini ngumu ya fenoli; nyingi zinatoka Callenelle, Ubelgiji, katika kiwanda cha Saluc, kwa jina la Aramith. Ziko nyingine za plastiki laini zinazopata mashimo upesi. Panga biye zote kwenye mstari mmoja unaogusana, weka rula juu yake: rula ikicheza, biye hazilingani, na seti hiyo ilikusanywa kutoka meza mbili ao tatu. Fimbo, bingirisha juu ya uwanja, iliyopinda inaruka-ruka. Lakini fimbo usiipe uzito katika bei, zinapatikana.

Kuhusu chaki ya ncha ya fimbo, hii ni habari ya afya kabisa. Baadhi ya chaki za biyari zilizouzwa miaka ya nyuma zilipimwa zikakutwa na madini ya risasi katika rangi yake. Meza ya okaziyo inakuja na kisanduku chake, na ndani yake kuna vipande vya chaki ambavyo umri wake hakuna anayeujua. Tupa vyote, nunua vipya. Usitie chaki mdomoni, usiipulize, na usimwachie mtoto mdogo aichezee, kwani mtoto anatia kila kitu mdomoni, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana. Mama, mtoto akishacheza karibu na meza, mwoshe mikono kwa sabuni.

Kama meza ni ya sarafu, kumbuka kwamba kwetu sarafu za chuma hazitumiki tena kama wakati wa makuta. Mashine ile ilifanywa kwa sarafu ya nchi nyingine. Dai jeton zote pamoja na ufunguo wa kisanduku na wa mlango wa ndani, ukazijaribu hapo hapo. Meza isiyo na ufunguo ni meza utakayoivunja mwenyewe.

Uzito ni hesabu, si maneno

Tuje sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii katika ukurasa wa usalama. Jiwe la ardwazi lenye mita moja ya mraba na unene wa sentimita moja lina uzito wa kilo 27 hivi. Ukiwa na kipimo hicho, hutadanganyika tena. Chukua meza ya futi 7 yenye jiwe moja la mita 2,1 kwa mita 1,1, unene milimeta 19: kilo 120 kwa jiwe pekee. Meza ya futi 8 yenye unene wa sentimita 2,5 ina jiwe la karibu kilo 200. Kwa bahati nzuri linakuwa mara nyingi katika vipande vitatu, kila kipande zaidi ya kilo 65. Ile ya zamani ya karambole, yenye jiwe la sentimita 4 na nusu, inapita kilo 500 bila miguu. Hiyo ni kazi ya mashine ya kuinua, si ya vijana wanne walioahidiwa chupa ya Simba.

Kanuni ya wataalamu wa NIOSH huko Marekani, ya mwaka 1991, inaweka kilo 23 kuwa mzigo wa mwisho kwa mtu mmoja, na hiyo ni wakati mzigo uko karibu na mwili, una mahali pazuri pa kushika, na mtu hapindi kiuno. Jiwe la biyari halina mahali pa kushika, ni pana, linakulazimisha kupinda. Gawa mwenyewe: kipande cha kilo 65 kinataka watu wanne. Jiwe moja la kilo 120 linataka watu sita, na nafasi ya watu sita kupita mlangoni. Kama mlango hauruhusu, ondoa mlango, usiondoe watu.

Kosa la kwanza linalofanywa ni kuinua meza nzima kwa mbao zake za pembeni, na jiwe bado ndani. Mbao hizo hazikufanywa kubeba kwa kuinuliwa; visi vinachomoka, upande mmoja unaanguka, na aliye upande ule vidole vyake viko chini. Meza inafunguliwa. Kwanza bandi, halafu kitambaa, halafu visi vya jiwe ambavyo vimefichwa chini ya nta ao ya plasta. Mbele ya kutoa kipande chochote andika namba kwa chaki ya mwashi: jiwe la 1, la 2, la 3, na mshale kuonyesha upande wa mlango. Vipande hivyo vilisawazishwa pamoja, kwa hiyo vikibadilishana nafasi havitalingana tena. Wakati wa kung'oa misumari midogo ya kitambaa vaa miwani ya usalama, kwa maana inaruka.

Kosa la pili ni kubeba jiwe likiwa limelala kama sinia. Ardwazi ni ngumu lakini ni kavu. Ukilishika kwa ncha mbili, katikati inakatika bila kuonya. Libebe likiwa limesimama kwa ukingo wake mrefu, kama vile wanavyobeba kioo cha dirisha, watu pande zote mbili, mtu mmoja tu akitoa amri. Bote za usalama miguuni, ganti za ngozi mikononi. Hakuna sandali siku hiyo, hata kama ni Jumapili. Inua kwa miguu, magoti yakiwa yamekunjwa, mgongo umenyooka. Kwenye kamyo jiwe lisimame juu ya mbao ao gunia, limefungwa kwa kamba imara kwenye ubao wa kamyo, na mtu asiketi kati ya jiwe na ubao. Asiketi hata akisema analishikilia. Dereva akikanyaga breki, kilo 120 hazishikiliwi na mkono.

Kosa la tatu linafanyika nyumbani, nalo ndilo tunaloliogopa zaidi. Watu wamechoka, wanaegemeza jiwe ukutani kwenye baraza, wanakwenda kunywa maji. Fundi atakuja kesho. Watoto wanatoka shuleni. Jiwe lililoegemezwa wima karibu na ukuta linahitaji kuvutwa kidogo tu juu ya kichwa ili liangukie mbele, na mtoto anayelivuta anakuwa chini yake. Mama, hapa tunakupa mamlaka: jiwe lisikae limeegemezwa hata saa moja bila kufungwa kwa kamba kwenye nondo ao nguzo. Kama hakuna mahali pa kufunga, lilazwe chini, juu ya mbao tatu zilizo sawa, kila ncha na katikati. Usikubali neno «kesho».

Mavumbi, esansi na umeme

Siku moja fundi atakuambia kwamba jiwe moja linazidi kidogo, kwamba atalisaga kwa mashine ili lilingane na jirani. Mwambie ngoja. Ardwazi ina kwarzi ndani yake, na mavumbi membamba ya kwarzi ndiyo yanayoleta silikosi, ule ugonjwa wa mapafu ambao kazini tunaukinga kwa kumwaga maji na kuvaa maski. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Itakuwa jambo la kusikitisha mtu ajikinge miaka ishirini shimoni, halafu ayavute mavumbi yale yale kwenye baraza lake pamoja na watoto wake. Mara nyingi hakuna haja ya kusaga: jiwe linasawazishwa kwa kuweka kabari nyembamba chini, na maungo yanajazwa nta ya nyuki ao plasta. Ikiwa ni lazima kusugua, basi nje, jiwe limelowa maji, maski ya mavumbi usoni, watoto mbali, na tope linaondolewa likiwa bado bichi.

Gundi ya zamani juu ya jiwe inatolewa kwa kisu kipana na subira. Wengine wanaimwagia esansi. Esansi inatoa mvuke usioonekana unaotambaa chini mpaka kwenye mbabula ya jirani, na moto unarudi kwa njia ile ile. Tumia kisu.

Halafu umeme. Meza za karambole za kisasa, na baadhi za zamani, zina vyuma vya joto chini ya jiwe, kwa kuwa jiwe lenye joto kidogo kuliko chumba linakausha kitambaa na biye inakimbia zaidi. Ukiona waya chini ya meza ya namna hiyo, usichomeke kuona kama inafanya kazi. Waya wa miaka mingi umekauka, panya wameuguguna, na wachezaji wote wanaegemea meza kwa mwili mzima. Fundi wa umeme aitazame, ao waya ukatwe kabisa. Kwa hali ya hewa yetu meza hiyo haihitaji joto. Taa inayoning'inia juu ya meza nayo ifungwe kwa mnyororo ao waya wa chuma, isining'inie kwa waya wa umeme, na iwe juu kuliko fimbo inayoinuliwa.

Mahali pa kuweka

Pima nafasi mbele ya kulipa. Fimbo ya kawaida ina sentimita 147 hivi. Ongeza urefu huo pande zote za uwanja: kwa meza ya futi 7 unahitaji karibu mita 4,9 kwa mita 3,9 tupu, bila kiti, bila nguzo. Nyumba nyingi za kambi hazina chumba kama hicho, ndiyo maana meza zinakwenda nje chini ya payoti. Ni sawa, lakini majani yasiyovuja, sakafu ya simenti, na kifuniko cha plastiki kuanzia mvua za kwanza za Oktoba ao Novemba. Kiangazi kifuniko hicho hicho kinazuia mavumbi mekundu. Mbao ya kusagwa usiiweke nje hata kidogo.

Fikiri na jirani anayerudi kutoka poste ya usiku. Sauti ya biye saa nne asubuhi ni ndogo kwako. Kwake ni nyundo, na jioni anapanda gari la kazi hajalala. Kubaliana saa naye mbele ya kuleta meza, si baada ya ugomvi.

Karatasi vile vile. Dai jina kamili la muuzaji, sahihi yake, tarehe, bei, na mashahidi wawili, mmoja akiwa mtu wa mtaa anayejulikana. Kama meza ilikuwa ya sekle, ya shule ao ya parokia, uliza barua ya kuiuza. Mali ya kikundi haiuzwi na mlinzi usiku, hata kama ufunguo anao yeye.

Meza ikishawekwa, mguu kila mmoja uketi juu ya kipande cha mbao ngumu, usawazishe, uanze kucheza. Baada ya juma moja rudisha nivo juu yake, kwa sababu uzito ule unakaza sakafu na maungo, na kwa kawaida pembe moja inashuka kidogo. Sawazisha tena, na tena mwisho wa mvua. Wakati wa kufanya hivyo usimwache mtu atie mkono chini ya mguu ulioinuliwa. Kwanza tia kabari, halafu mkono.